Waliokuwepo Siku ya Radi Tupu: Kiatu Juu

Kipaza sauti bado kiko mkononi mwa Fundi Redio, msomaji, pale pale tulipomwacha nacho wiki iliyopita. Hajakitua. Watu sitini wanamtolea macho.

"Baba Pacha, tunakusubiri wewe," alisema Mwenyekiti. "Tueleze ulichokiona uwanjani. Au umeshasahau?"

Kwa wewe uliyekosa gazeti, nikukumbushe haraka haraka, maana mwenzetu anatoka jasho. Huu ni ukumbi wa chama cha Waliokuwepo. Humu huingii kwa kupenda muziki tu. Unaingia kwa sababu miaka kumi na sita iliyopita ulikuwepo uwanjani kwa miguu yako mwenyewe, siku bendi ya roki ya Radi Tupu ilipopiga onyesho lake la kwanza na la mwisho katika mji huu. Hata viti hupangwa kama watu walivyosimama siku ile. Aliyekuwa karibu na jukwaa huketi mbele, aliyekuwa getini huketi mlangoni, na aliyesimama nyuma yako uwanjani ndiye anayeketi nyuma yako ukumbini.

Na hapo ndipo penye kidonda. Mke wa Fundi, Mama Pacha, huketi safu ya kwanza. Nyuma yake huketi mwanamume mpana kama kabati, muuza matairi, ambaye humu ndani anaitwa Mabega. Miezi miwili iliyopita Mabega alisimama akasimulia jinsi umati ulivyosukumana siku ile, na jinsi yeye alivyomwinua msichana asiyemjua, akamweka mabegani nyimbo mbili nzima. Mama Pacha naye akasimama, akafunika mdomo kwa kiganja, akasema, "Jamani, ni mimi yule."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Kinyozi, ambaye hulia kwa kila kitu, alilia. Fundi peke yake ndiye aliyebaki ameduwaa mlangoni, alikokuja kumchukua mkewe.

Tangu siku hiyo Fundi hali akashiba. Akifungua redio ya mteja, anamwona mkewe juu ya shingo ya mtu mwingine. Akilehemu waya, anaona mikono ya Mabega imeshika vifundo vya miguu ambavyo si vyake. Ameunguza redio tatu za watu kwa sababu ya wivu.

Leo amekuja kula kiapo kwamba hata yeye alikuwepo. Akiaminika, atapewa kiti, na atakiomba kando ya mkewe. Asipoaminika, atatolewa nje, na Mabega atabaki pale pale kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, akimpumulia mke wa mtu kisogoni.

Tatizo ni moja tu. Fundi hakuwepo. Siku ya onyesho alikuwa karakanani kwake, amepiga magoti chini ya meza anatafuta skrubu. Yote anayoyajua ameyapata kwenye kaseti iliyorekodiwa uwanjani, na miaka kumi na minne ya ndoa amemsimulia mkewe kaseti hiyo kana kwamba ni macho yake.

Basi, akajikaza kisabuni.

"Nilisimama kushoto," alianza. "Karibu na spika kubwa. Walianza na ngoma peke yake, ndu, ndu, ndu, mpaka kifua kikawa kinatikisika. Halafu gitaa likaingia kama mtu anayebomoa mlango."

"Kweli kabisa," alisema Kinyozi, machozi yakianza kumlengalenga.

"Wimbo wa pili mwimbaji alikosea maneno, akacheka, akaanza upya."

"Ndivyo!" watu wakaitikia. "Ndivyo ilivyokuwa!"

Fundi akapata nguvu. Akamtazama mkewe. Mama Pacha alikuwa anatabasamu, na kwa mara ya kwanza katika miezi miwili tabasamu lile lilikuwa la mumewe. Nyuma yake Mabega alikunja mikono na kununa. Lo! Fundi akajiona mwanamume kati ya wanaume.

Angenyamaza hapo, leo tungekuwa na hadithi nyingine. Lakini mtu akishapigiwa makofi, nani wa kumzuia?

"Basi wimbo wa tano," aliendelea, sauti imepanda, "lile gitaa likafifia polepole, polepole, mpaka likazimika kabisa. Wakapumzika. Kimya. Halafu ghafla, kelele za watu, wakaanza tena!"

Makofi hayakuja.

"Waka... nini?" aliuliza Kinyozi.

"Wakapumzika. Kama dakika moja hivi."

"Wakapumzikia wapi?"

"Si pale pale jukwaani."

Mwenyekiti alivua miwani. Huyu mama ni mkunga mstaafu, mtu aliyezoea kuamrisha watu wakiwa katika maumivu. "Baba Pacha," alisema, "Radi Tupu hawakupumzika siku ile. Mpiga ngoma alitapika ubavuni mwa ngoma huku mkono mmoja unaendelea kupiga. Mimi nilimwona kwa macho yangu haya."

"Labda upande mliokuwa nyinyi..."

"Hebu ngoja kidogo." Aliyesema hivyo alikuwa Mabega. Alinyanyuka taratibu, kama mtu anayefurahia kila hatua. "Wimbo wa tano, gitaa linafifia. Kimya dakika moja. Halafu kelele za watu. Jamani, hapo si ndipo upande wa kwanza unapoishia?"

"Upande wa kwanza wa nini?" aliuliza Mwenyekiti.

"Wa kaseti! Huyu bwana anatusimulia alivyokuwa anageuza kaseti!"

Ukumbi ulipasuka. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mzee mmoja wa safu ya getini aliinama akakohoa, ikabidi apigwe mgongoni. Kinyozi alikuwa analia tena, safari hii kwa kicheko. Fundi alisimama katikati, masikio yanamwaka moto, kipaza sauti kimemganda mkononi.

Akamtafuta mkewe kwa macho. Mama Pacha hakucheka. Alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake, na Fundi akadhani ni aibu. Ikamuuma kuliko vicheko vyote.

"Sheria ya chama unaijua," Mwenyekiti alisema, si kwa ukali. "Asiyekuwepo haketi. Lakini leo ndiyo siku yenyewe ya kumbukumbu, na mara moja kwa mwaka tunaimba ule wimbo wao wa mwisho. Simama pale mlangoni usikilize, halafu uende zako kwa amani."

Watu wakasimama. Fundi akaegemea mlango, amejikunyata. Hakuwa na hamu ya wimbo. Macho yake yalikuwa kwa watu wawili tu: mkewe pale mbele, na lile kabati la mtu nyuma yake, limesogea hatua moja ambayo hakuna aliyeiona isipokuwa mume. Sogea tena, Fundi alisema moyoni. Sogea tena uone.

Wakaanza kuimba, sauti sitini bila ala.

"Taa zikizimwa, sisi tunawaka..."

Hapo, msomaji, ilitokea sekunde nne ambazo Fundi hatazisahau mpaka anaingia kaburini. Watu wote ukumbini waliinama kwa pamoja, wakavua kiatu kimoja, wakakiinua juu ya kichwa, wakaimba kwa nguvu zote, "Tupishe, giza, tunapita kwa miguu!"

Viatu sitini hewani. Raba, ndala, makubazi, buti la muuza matairi. Kumbe ndivyo mwimbaji alivyofanya siku ile, na uwanja mzima ukamfuata. Kaseti haina macho, Fundi angejuaje?

Lakini Mama Pacha hakuinua kitu. Mama Pacha aliuruka mstari mzima. Watu wakiwa kwenye giza na miguu, yeye alikuwa ameshafika mbele peke yake: "Mlango ukifungwa, tutaingia kwa sauti..." Kisha akasikia ameachwa, akafunga mdomo, akageuza shingo huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Mabega akainama haraka. Akamnong'oneza. Mama Pacha akavua kiatu chake, akakiinua, amechelewa.

Fundi nywele zilimsimama.

Mstari ule hakuwahi kuusikia maishani. Lakini pengo lake alikuwa analijua, kwa sababu yeye ndiye aliyelitengeneza. Mama Pacha alipoingia karakanani mara ya kwanza, bado msichana, alikuwa na kaseti iliyotafunwa na redio. Shibri nzima ya utepe ilikuwa imesagika hapo hapo kwenye wimbo wa mwisho. Fundi aliikata kwa wembe, akaunga ncha mbili kwa selotepu, akanyamaza. Mteja hagundui sekunde nne. Tangu siku hiyo wimbo ule unaruka, na kaseti inayoruka pale ni moja tu duniani. Iko nyumbani kwake, juu ya kabati la vyombo.

Aliyekuwepo uwanjani angewezaje kusahau viatu vyote vile? Eti aliviona kutoka juu ya mabega ya mtu!

Fundi alisukuma mlango akatoka.

Koridoni kulikuwa na ndoo za kudekia na viti vibovu vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine. Alikuwa hajafika mwisho wake aliposikia hatua zisizolingana, moja ya kiatu, moja ya unyayo. Mkewe alikuwa anamfuata mbio, kiatu mkononi.

"Baba Pacha! Usiondoke hivyo."

"Rudi ndani, mama. Mtu wako atakutafuta."

"Mtu wangu nani?"

"Mimi leo nimeumbuka vya kutosha. Usinitanie."

"Hakuna anayekutania, mume wangu. Ulisema uongo mdogo wa ujana. Basi. Mimi wala sijakasirika."

Fundi aligeuka. "Najua hujakasirika. Mbona hukuvua kiatu?"

"Nimevua, si hiki hapa?"

"Umevua ulipoambiwa. Mama Pacha, umeruka mstari. Ule mstari niliukata mimi, kwa wembe, juu ya meza yangu. Aliyejifunza wimbo uwanjani hawezi kuuruka. Anayeuruka ni yule aliyejifunza kwenye kaseti yangu."

Mama Pacha alitupia jicho mlango wa ukumbi. Akavuta ndoo moja, akaigeuza, akaikalia.

"Sikuwepo," alisema.

"Hukuwepo?"

"Hata karibu sikufika. Baba alitufungia ndani mimi na dada, akaondoka na ufunguo mfukoni. Tulisikia ngoma kwa mbali kupitia dirisha la choo. Kwa zamu."

"Na kaseti?"

"Niliinunua mkononi mwa mtu, tayari imetafunwa. Nikakuletea wewe. Nilipoifuata, nikakuta kijana ananisimulia onyesho zima, mikono inaruka, macho yanawaka, mpaka chai imempoa mezani. Sasa mimi niseme nini? Kwamba nilikuwa chooni nasikiliza kwa zamu? Si ungeniona mshamba."

Fundi alimkodolea macho. "Kumbe ulikuwa unanidanganya wakati mimi nakudanganya?"

"Tena siku ile ile."

"Lakini wewe uliniambia ulinunua maji ya kunywa wakati wa mapumziko!"

"Wewe si ndiye uliyesema kulikuwa na mapumziko? Nikaona, nisiponunua hata maji, utanishuku."

Wakatazamana. Kicheko kilianzia tumboni kwa Fundi, akajaribu kukizuia, kikamshinda. Mama Pacha naye akaanza. Walicheka mpaka ndoo ikayumba, mpaka Fundi akakaa sakafuni na kufuta machozi kwa mkono wa shati. Miaka kumi na minne wamekaa jioni mezani wakikumbushana siku ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeiona! Wameigombania, mmoja akisema mvua ilinyesha kidogo, mwingine akisema haikunyesha.

"Sasa ilinyesha au haikunyesha?" aliuliza Fundi.

"Kwa dirisha la choo halikuonekana wingu."

Wakacheka tena. Na katikati ya kicheko hicho, Fundi akajisikia mwepesi wa ajabu. Ule mzigo uliomkaa kifuani miezi miwili uliondoka wenyewe.

"Kwa hiyo Mabega hajakubeba!" alisema.

"Hajanibeba."

"Hata wimbo mmoja?"

"Hata nusu."

"Ee Mungu wangu! Redio tatu za watu nimeunguza bure!"

Akashika uso wa mkewe kwa mikono miwili. Alikuwa wake. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumbeba, hakuna aliyemshika vifundo vya miguu, ile picha iliyokuwa inamla kila akifumba macho haikuwahi kuwepo duniani. Fundi alijiona mjinga, na akaupenda ujinga wake.

"Lete mguu," alisema. "Nikuvishe, twende nyumbani. Hata kuwaaga tusiwaage."

Akapiga magoti. Akaupakata mguu wa mkewe, akaufuta vumbi, akaingiza kiatu, akashika kifungo cha ukanda wake. Huko ndani walikuwa wamefika ubeti wa mwisho na wanapiga makofi.

Vidole vyake vikasimama.

Akajaribu kufunga, havikufunga. Akakaa hivyo, kichwa chini, kama anavyokaa redio ikiita vizuri halafu ikakatika na yeye anatafuta waya gani umeachia.

"Mama Pacha."

"Abee."

"Ulipoachwa na wimbo, Mabega alikunong'oneza."

"Ndiyo. Alisema nivue kiatu."

"Hakushangaa."

"Ashangae nini?"

"Mtu aliyekubeba mabegani siku ile angeshangaa. Angesema, we mama, umesahau? Yeye aliinama haraka, kama mtu anayefunika kitu kabla wengine hawajakiona." Fundi aliinua uso. "Alikuwa anajua hukuwepo. Anajua tangu siku ya kwanza."

Mguu wa Mama Pacha ulikuwa umekakamaa mikononi mwa mumewe.

"Basi siku ile aliposimama akasema alimbeba msichana," Fundi aliendelea, sauti inashuka badala ya kupanda, "na wewe ukasimama ukasema ni mimi... mlikuwa mmeshapatana. Mlitaka viti. Yeye aketi nyuma yako, wewe uketi mbele yake, kila mwezi, mbele za watu, mbele yangu mimi, na watu wawapigie makofi."

"Baba Pacha, taratibu."

"Mimi nilikuwa naonea wivu uwanja! Kumbe hakukuwa na uwanja wowote!"

Wivu una tabia hiyo, msomaji. Ule wa miezi miwili ulikuwa wa siku moja ya zamani, ya msichana ambaye Fundi hakuwa amemjua bado, na mtu anaweza kujilazimisha kuusamehe. Huu mpya haukuwa na tarehe. Fundi alianza kuhesabu safari zote za sokoni zilizochelewa, jioni zote za "nilipita kwa dada", na zote zikageuka kumtazama kwa jicho baya.

Mlango wa ukumbi ukafunguka. Mabega alitokeza, ameshika mkoba wa kike kwa vidole viwili, kwa uangalifu wa mtu ambaye si mara yake ya kwanza kuushika.

"Mama Pacha, umesahau mko..." Akawaona. Akamwona Fundi chini, kiatu kisichofungwa, na uso wa mwanamke. Akashusha mkoba. "Ameshajua?"

Fundi aliachia ukanda wa kiatu.

"Mwambie, bwana," alisema Mabega, na sauti yake sasa haikuwa na lile tambo la ukumbini. "Au nimwambie mimi?"

"Nyamaza wewe!" walisema mke na mume kwa mkupuo mmoja.

Fundi alisimama. Akajiweka kati yao wawili, mgongo kwa Mabega.

"Sikuulizi mmefanya nini," alimwambia mkewe. "Hilo sitaki kulisikia kwenye korido ya watu. Nakuuliza kitu kimoja tu. Kama siku ile ulikuwa umefungiwa ndani na baba yako, huyu mtu mlifahamiana wapi?"

Mama Pacha aliinama, akafunga kiatu chake mwenyewe. Alikifunga bila haraka. Alipoinuka, hakukuwa na chozi wala aibu usoni mwake. Palikuwa na kitu ambacho Fundi hakukitarajia hata kidogo: alimtazama mumewe kwa huruma.

"Wewe ndiye uliyenituma kwake, Baba Pacha," alisema. "Na nauli ukanipa."